Jina Alilotaja Jenista

12 Novemba 2006

Nimefika, na ningeweza kuishia hapo maana mgongo umekwisha. Mombasa mpaka Tunduma nilikaa kwenye mabasi. Tunduma mpaka Kamsamba nimekaa juu ya magunia kwenye lori la mpunga, pamoja na mbuzi aliyenitafunia mtandio. Bwana Aziz, mratibu wetu wa Tunduma, alinipungia mkono kana kwamba naenda harusini.

Kutoka Kamsamba tukaja kwa miguu. Kati ya kituo cha afya na kijiji hiki umepita mkono wa Mto Momba, lakini sasa ni mchanga mtupu, tumeuvuka na viatu vikavu. Kando yake pana mtumbwi umepinduliwa, kuku wametagia chini yake. Nikauliza ni wa nini. Kijana aliyekuwa ameukalia akanijibu, "Subiri Januari, dada Mkenya. Mvua ikija wanawake wote wa hapa huniita mume." Watu wakacheka, na mke wake aliyekuwa pale akacheka kuliko wote. Anaitwa Fanueli, ndiye mvushaji.

Kazi yangu nimeambiwa ni rahisi: nijitolee mpaka mwisho wa mvua, niishi na familia, niwashawishi wajawazito wakajifungulie kituoni badala ya nyumbani. Tutaona huo urahisi.

15 Novemba

Joto. Hata Mombasa tuna upepo.

19 Novemba

Wenyeji wangu ni watatu. Mama Kefa ni mjane, mwenye nyumba, mwenye neno la mwisho. Kefa ni mwanawe, anakubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Jenista ni mke wa Kefa, mdogo kwangu kwa umri na kwa kimo, na ana mimba yake ya kwanza. Tunalala chumba kimoja mimi naye, Kefa amehamishiwa kwa mama yake na ananuna kwa ajili hiyo.

Leo nimesema mezani "nipe chumvi." Mama Kefa akaniangalia. "Wakenya hawajui Kiswahili," akamwambia Kefa, mimi nikiwa hapo hapo. Mimi! Mtoto wa Kisauni, Kiswahili nimekinyonya! Nilitaka kumjibu, Jenista akanikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye akanifundisha: "Huku tunasema naomba chumvi, dada. Ukisema nipe ni kama unadai." Basi naomba chumvi, naomba maji, naomba uvumilivu.

3 Desemba

Mvua ya kwanza. Kwetu kuna vuli na masika. Huku wanasema yote ni masika, ikianza imeanza.

10 Desemba

Jirani yetu Nesta amepata mjukuu, nyumbani, nyuma ya mgongo wangu. Nilipofika nikiwa nimekasirika, wanawake walikuwa wanatoka wakiambiana, "Ametaja, akashuka." Sikuelewa.

Jenista ndiye aliyenieleza, huku tukichambua mchele. Mtoto akichelewa kutoka, huku hawasemi mlango ni mdogo au mtoto amekaa vibaya. Wanasema kuna neno. Mama amekwenda na mwanamume mwingine na hajasema, na lile neno limekaa mlangoni linamzuia mtoto. Basi wanawake wanamfungia, wanamwomba alitaje jina. Akilitaja, mtoto anashuka.

"Na asipokuwa na jina?"

Jenista akacheka mpaka akashika tumbo. "Dada, mimi sina hata wa kumsingizia! Kutwa niko kwenye jaruba la mpunga na mama mkwe. Nitataja vyura?"

25 Desemba

Kanisani nao. Nimepiga makofi, wimbo sijui.

31 Desemba

Idi. Niliamka nikilia kwa ajili ya pilau ya mama, sioni haya kuandika. Mama Kefa akaniona. Mchana akaja na jogoo na kisu. "Leo ni sikukuu yenu. Chinja mwenyewe, sisi tukichinja hutakula." Sijawahi kuchinja hata panzi. Nilisoma bismillahi huku nimefumba macho, jogoo akakimbia nusu ya kiwanja, Kefa akalala chini kwa kicheko. Tulikula sote. Yule mama ana roho, sema ameificha ndani sana.

14 Januari 2007

Ule mchanga niliovuka na viatu vikavu sasa ni maji mekundu, mapana, yanakwenda kasi. Fanueli anavusha watu kwa mti mrefu na maneno mengi. "Mke wangu Mkenya, kaa katikati, usitikisike." Nimemjibu kwetu mahari ni kubwa kuliko mtumbwi wake.

21 Januari

Nimezungumza na Kefa. Jenista ni mfupi, mimba ni ya kwanza, na mto hauaminiki. Kefa ana shangazi anayeishi karibu na kituo. Jenista ahamie kwake akasubiri huko siku zake. Kefa amekubali.

22 Januari

Kefa amekataa. Amezungumza na mama yake.

23 Januari

Nimemfuata Mama Kefa jarubani, matope mpaka magotini. Akasema palizi kwanza. Akiondoka Jenista sasa, mpunga utamezwa na majani, na huyo mtoto akizaliwa atakula nini? Baada ya palizi atamvusha yeye mwenyewe. Nilimwambia mtoto hasubiri palizi. Akasema, "Mimi nimezaa, wewe umesoma. Tusigombane."

Jenista anasema nisijali. Miguu yake imevimba.

9 Februari

Mvua.

10 Februari

Mvua. Unga umeshika ukungu.

13 Februari

Palizi imekwisha! Kesho kutwa tunamvusha. Jenista amefunga kibegi chake: kanga, sabuni, kofia ndogo ya mtoto niliyomfuma. Imetoka vibaya, inatosha boga.

17 Februari

Mkono ulikataa kuandika kabla ya leo.

Uchungu ulimshika alfajiri ya siku ile ile ya kumvusha. Sikuogopa. Nilisema sawa, tutakwenda naye hivyo hivyo, nikamtuma Kefa amtafute Fanueli. Fanueli hakuwepo kwake, alikuwa ameenda kuangalia mashamba. Basi asubuhi yote nje ilikuwa jina hilo moja. Fanueli yuko wapi. Mwiteni Fanueli. Mwambieni Fanueli alete mtumbwi. Alipopatikana akaja mbio, akaufunga mtumbwi ufukweni na kusubiri.

Ndani wanawake walikuwa wameshafunga mlango. Alikuwepo Mama Kefa, Nesta na wengine wa ukoo. Jenista alikuwa ameshika kamba ya kitanda. Nilipomwangalia nilijua, na mafunzo yangu ni madogo: anasukuma, na mtoto haji.

Mama Kefa akamshika magoti. Sauti yake ilikuwa ya upole, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mwanangu, hashuki. Kuna neno. Liseme, ashuke."

"Sina, mama."

"Hapa hakuna mwanamume. Hakuna atakayekupiga. Liseme."

"Sina, mama. Namwapia Mungu."

Nikasema nyonga ni ndogo, mtoto amekwama, mtumbwi uko pale, tumbebe twende. Nesta akanijibu bila ubaya wowote, kama anavyoelezwa mgeni: "Dada, mwanamke mwenye neno tumboni hapandi mtumbwi. Mto hauwezi kumbeba. Atazama yeye na aliye naye. Aseme kwanza, halafu tunakwenda."

Nilibishana, nilipiga kelele, nilivuta komeo la mlango nikaondolewa. Sikuweza kumbeba peke yangu. Jua lilipanda, likapita kichwani, na kila alipopumzika walimuuliza tena, na kila alipoulizwa alikuwa na nguvu pungufu ya kukataa.

Nikainama sikioni kwake. Naandika maneno yenyewe: "Jenista, taja jina. Lolote lile. Taja tu tuondoke hapa."

Aliniangalia. Nilimwona anashusha mabega, kama mtu aliyeambiwa anaweza kuutua mzigo. Akasema, "Fanueli."

Wallahi sikumwambia ataje nani. Lakini jina gani lingine alilisikia siku ile?

Kabla sijanyanyuka, neno lilikuwa limeshafika nje. Nilisikia kishindo cha watu wanakimbia kuelekea mtoni, nikasikia sauti ya Kefa ambayo sikuijua kuwa ni ya Kefa. Fanueli alipomwona anakuja na panga, alikata kamba akasukuma mtumbwi mpaka ng'ambo. Mtumbwi ndio huo huo mmoja.

Na hapo hapo mtoto akashuka.

Sijui ni kwa nini. Labda saa yake ilikuwa imefika. Labda Jenista alipoacha kupambana nao mwili ulilegea. Nilichoona ni kichwa, halafu bega, halafu msichana mzima analia, na wanawake wakapiga vigelegele. Nesta akaniangalia, machozi ya furaha yanamtiririka. "Umeona, dada?"

Niliona.

Halafu damu. Nililikanda tumbo kama tulivyofundishwa, nilimweka mtoto kifuani kwake anyonye, nilikanda tena. Kanga ziliisha. Mama Kefa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha vigelegele. "Kitanda," alisema, na wakakinyanyua kitanda naye juu yake, wakakimbia nacho kwenye matope mpaka mtoni.

Fanueli alikuwa ng'ambo, ameukalia mtumbwi wake, mahali ambapo unaweza kusikia mtu akiita.

"Fanueli, mwanangu! Lete mtumbwi!"

"Mwambie Kefa aondoke kwanza!"

Kefa alisimama ufukweni na panga. Mama yake akamwambia atupe. Hakutupa. Akamwambia tena, akamwita kwa jina la baba yake, hakutupa. Ndipo yule mama akaingia majini na nguo zake, hajui kuogelea, maji yakamfika kifuani, anamwita huyu wa ng'ambo, anageuka anamwita huyu wa nyuma, Fanueli, Kefa, Fanueli, mpaka sauti ikawa haitoki. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa Jenista. Akaniuliza kama tumeshapanda mtumbwi. Nikamwambia ndiyo.

Kefa alilitupa panga majini. Fanueli akaja, mti unapiga maji kwa nguvu. Mtumbwi ulipogusa ufukwe huu, hakukuwa na wa kumvusha.

18 Februari

Tulizika juzi. Mvua haikusimama hata kwa hilo.

24 Februari

Mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe niliyoyachemsha na kuyazimua kwa maji. Anakunywa vizuri. Hana jina. Jina hutolewa na baba, na baba hajamwangalia.

2 Machi

Nimemwambia Kefa. Nilimkuta anaziba tuta lililobomoka, nikasimama kwenye maji mbele yake nikasema yote. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia ataje jina lolote. Kwamba hakukuwa na neno. Kwamba hasira yake inanipasa mimi, si Fanueli, si mtoto.

Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga, wala hakukasirika. Alinihurumia.

"Dada, ulikuwemo ndani. Alitaja, mtoto akashuka. Kama ni uongo, ulimshushaje?"

Nilisema mambo ya mwili, ya saa, ya nyonga. Nilijisikia mwenyewe nikisema.

"Mpelekee Fanueli mtoto wake," akasema, akarudi kwenye tuta.

5 Machi

Mke wa Fanueli amerudi kwao. Mtumbwi umefungwa na watu hawaupandi, wanazunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anasuka kamba, hakuinua kichwa. "Nilitania sana, dada," akasema. "Mtu anayetania vile, watu watamwaminije?"

11 Machi

Sijazungumza na Mama Kefa tangu mazishi, ila kwa habari ya mtoto. Mchana mtoto yuko mgongoni kwake, jioni yuko kwangu. Ninamchukia. Ninapomwona anamwimbia mtoto namchukia zaidi, maana ni yeye aliyeuliza, akauliza, akauliza.

19 Machi

Mtoto ana homa.

20 Machi

Homa imeshuka. Mama Kefa na mimi tumelala kwenye mkeka mmoja, mtoto katikati.

2 Aprili

Bwana Aziz ametuma habari kupitia dereva wa lori: barabara ikifunguka nitoke, muda wangu umekwisha. Kituoni watatafuta mahali pa kumpeleka mtoto kama ndugu hawamtaki. Maneno hayo nilimwambia Mama Kefa kama yalivyo. Aliendelea kupepeta.

15 Aprili

Mpunga umeanza kuwa na rangi. Leo tumeshinda shambani kufukuza ndege, mimi na Mama Kefa, mtoto amelala kwenye kivuli cha mwavuli wangu. Alikuwa anavuta kamba yenye makopo, ndege wanaruka, wanatua tena. Akaanza kusema akiwa anaangalia ndege.

"Kefa naye alikataa kushuka."

Nikamgeukia.

"Waliniuliza mpaka nikawa sijui jina langu. Mume wangu alikuwa na mdogo wake, Jairo. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, anasubiri kutumwa maji. Akapiga chafya. Nikasema, Jairo."

"Ilikuwa kweli?"

"Jairo hajawahi kunigusa hata mkono." Akavuta kamba. "Kefa akashuka. Jairo walimpiga, wakamvunja meno. Akavuka kwenda Zambia, yuko upande wa Nakonde au alikuwa huko. Hakuja hata kumzika kaka yake."

Nilimuuliza kwa sauti ambayo mtoto mzuri wa Kisauni hamtolei mtu mzima: "Sasa mama, ulijua kuwa mtu hutaja uongo. Ulijua! Kwa nini ulimuuliza Jenista?"

"Kwa sababu mimi nilipona."

Alisema hivyo tu. Nilitaka kuendelea kumchukia na sikuweza, maana mimi je? Nami nilimwambia Jenista ataje uongo kwa sababu nilidhani atapona.

Baadaye nikamwomba amwambie Kefa. Naomba, nilisema, si tafadhali tu, nilipiga magoti kwenye mpunga. Akasema, "Nikimwambia, atajua amezaliwa juu ya meno ya mtu." Tukarudi nyumbani.

16 Aprili

Hajamwambia.

19 Aprili

Hajamwambia. Lori linakuja Jumapili.

21 Aprili

Amemwambia.

Walikuwa wamekuja wazee wa ukoo kuzungumza habari ya mtoto, apelekwe wapi. Mama Kefa aliweka ugali, akaweka mboga, na badala ya kutoka kama wanawake wanavyotoka, alikaa chini mbele yao. Akasema habari ya Jairo yote, mpaka chafya. Mzee mmoja akatema mate nje. Mwingine akasema uzee umemwingia kichwani. Nesta, aliyekuwa mlangoni pamoja nami, aliweka kanga mdomoni akaondoka, na sijui alikumbuka jina gani.

Kefa hakula. Mwishowe akasema, "Dada huyu alisema ni uongo kwa sababu alimpenda Jenista. Wewe unasema kwa sababu unampenda mtoto. Kila mtu anampenda mtu. Mlete Jairo aseme kwa mdomo wake. Akisema hakuwahi kukugusa, nitamchukua mtoto, na nitakwenda kwa Fanueli kwa magoti."

"Nitamleta," akasema mama yake.

23 Aprili, Tunduma

Tumeshuka kwenye lori mimi, Mama Kefa na mtoto. Bwana Aziz alitaka kunipeleka hotelini nikaoge. Nikamwambia asubiri.

Tuliingia kwenye kibanda cha chai, tukamchemshia mtoto maji ya maziwa. Nimewanunulia kopo la maziwa ya unga, nimemwonyesha Mama Kefa kipimo, kijiko kisawazishwe, maji yachemke kwanza. Amerudia mwenyewe mbele yangu, hakukosea. Ana anwani moja tu: binti wa shangazi yake anayeuza dagaa soko la Nakonde, ambaye zamani aliwahi kusema amemwona Jairo.

Nikamuuliza, "Na kama amekufa?"

"Atakuwa ameacha watoto. Watakuwa walimuuliza kwa nini harudi kwao."

Akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya Jenista. Ile kofia ya boga sasa inamtosha kidogo, imefika kwenye nyusi tu. Nilimwambia nikifika nyumbani wale walionituma wataniuliza Jenista alikufa kwa nini, na nitasema nilichomwambia sikioni.

"Sema," akasema. "Na langu uliseme. Usinifiche kwa sababu tulichinja jogoo."

Nilimkumbatia, akakubali, mgumu kama mlango. Halafu akaingia kwenye njia ya wapita kwa miguu inayovuka mpaka wa Zambia, katikati ya wabeba magunia na wanawake wenye beseni za nyanya. Hakuna aliyemuuliza kitu, mama mtu mzima na mjukuu wake wanakwenda sokoni. Upande wa pili nilimwona amemsimamisha mwanamke wa kwanza aliyekutana naye. Yule mwanamke akatikisa kichwa. Mama Kefa akaenda kwa mwingine.